Ndege ya Kwanza Kutozwa Kodi Birongo

Umma unatangaziwa, kwa furaha na taadhima, kwamba kuanzia leo hakuna ndege ya mtu binafsi itakayotua wala kulala katika ardhi ya Kisii na Nyamira bila kulipiwa kodi ya mali, kama zinavyolipiwa ploti, nyumba na maduka ya wananchi wa kawaida.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye milango ya ofisi za machifu, kwenye vituo vya kununulia majani chai na, kwa sababu ya uhaba wa mbao za matangazo, kwenye ukuta wa bucha moja pale Suneka, ambako lilisomwa na watu wengi kuliko kwingineko kwa kuwa foleni ya matumbo ilikuwa ndefu. Wananchi walilipokea kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Hakuna aliyeandamana. Hakuna aliyekimbilia mahakamani. Bwana Abner Ratemo, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Pamoja ya Kodi ya Ndege za Watu Binafsi, aliuchukulia utulivu huo kuwa dalili ya uzalendo. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuona kodi iliyopendwa namna hiyo.

Karani wake, Linet, alikuwa na maelezo mengine.

"Hawana ndege, bosi," alisema.

"Kwa sasa," akajibu Bwana Abner.

Mamlaka ilikuwa na ofisi Kebirigo, orofa ya kwanza, juu ya mashine ya kusaga unga. Mashine ilipowashwa, muhuri wa Mkurugenzi ulitembea wenyewe mezani kuelekea ukingoni, na Bwana Abner alikuwa amejifunza kuudaka bila kukatiza sentensi. Unga ulipanda kupitia nyufa za sakafu ya mbao ukatua mabegani mwake, hata jioni alipoteremka ngazi alifanana na mtu aliyepita katikati ya mawingu. Hilo halikumuudhi. Aliona kwamba linaendana na cheo.

Na cheo hicho alikuwa amekipata kwa jasho. Kabla ya hapo alikuwa Msimamizi wa Vyoo vya Soko, kazi aliyoifanya kwa utaratibu mkubwa na ambayo hakuna mtu aliyewahi kumpongeza. Alipoteuliwa kuwa Mkurugenzi wa ndege, mambo yalibadilika. Kanisani alisogezwa mbele, karibu na wazee. Ukweni alihamishwa kutoka kwenye benchi la jikoni hadi kwenye kochi lenye vitambaa, na baba mkwe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwita "huyo", sasa alimtambulisha kwa wageni kama "mkwe wetu wa mambo ya anga".

Mwasisi wa Mamlaka alikuwa Mheshimiwa Duke Nyangate. Ndiye aliyeibuni kodi hiyo, ndiye aliyeitetea, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi yake. Siku ya uzinduzi alisema kwamba wakati wa matajiri kuruka juu ya vichwa vya maskini bila kuchangia chochote umekwisha. Kisha akapanda helikopta, akaruka juu ya vichwa vya maskini, akaenda kula chakula cha mchana. Bwana Abner alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Tatizo lilijitokeza pole pole. Mamlaka ilikuwa na sheria, kanuni, muhuri, mashine ndogo ya kutolea risiti na karani. Kitu pekee kilichokosekana ni ndege. Bwana Abner hakuwa mtu wa kukaa ofisini akisubiri mlipa kodi ajilete; alivaa koti, akachukua mwavuli, akaenda nyanjani.

Mjini Kisii alimkuta mpiga picha wa harusi aliyekuwa na droni. Mazungumzo yao yalianza vizuri. Yaliharibika Mkurugenzi alipouliza chombo hicho huchukua abiria wangapi, na mpiga picha akamwonyesha: kilikuwa kwenye kiatu chake cha harusi, ndani ya sanduku, kimefunikwa kwa soksi.

Suneka kulikuwa na matumaini zaidi. Kando ya barabara, katika karakana ya Machogu, mchongaji wa mawe ya sabuni, kulikuwa na ndege kubwa kama fahali, nyeupe, yenye mabawa mawili na mkia uliosimama wima.

"Bwakire, Mkurugenzi!" Machogu alimwamkia kwa sauti kabla mgeni hajavuka mtaro. "Umekuja kunitoza? Nimekungoja sana."

Bwana Abner alisimama. Hakuwahi kupokewa hivyo.

"Ndege hii ni yako?"

"Ni yangu kabisa. Nimeichonga kwa mikono hii."

"Huruka?"

"Ukileta kreni, itaruka."

"Machogu, sheria inataka ndege."

"Na hii ni nini, ng'ombe? Tazama mabawa. Tazama matairi. Chungulia ndani, abiria wote nimewachonga na mikanda yao wamefunga."

Bwana Abner aliinama, akachungulia. Ni kweli walikuwa wamefunga mikanda. Alivutiwa na nidhamu yao.

"Lakini bwana," akauliza, "watu huficha mali wakimwona mtoza kodi. Wewe mbona unaikimbilia kodi?"

Machogu alipangusa vumbi la jiwe kwenye nyusi, akamtazama kwa huruma. "Mkurugenzi, ndege ya jiwe ni pambo. Mzungu akija, ananipa bei ya kifaru wa kuchonga. Lakini ndege ya jiwe yenye risiti ya kodi ya serikali? Hiyo si pambo tena. Hiyo ni ndege. Serikali inaweza kutoza kodi kitu ambacho si ndege?"

Bwana Abner hakupata kasoro katika hoja hiyo. Aliandika pendekezo refu, lenye vichwa vidogo, akalituma kwa Mwenyekiti. Jibu lilikuja kwa simu, wakati mashine ya chini inasaga wimbi.

"Ratemo! Unataka nichekwe mpaka Nairobi?"

"La hasha, Mheshimiwa. Abiria wamefunga mikanda."

"Ndege ni kitu kinachopaa! Nataka ndege halisi ya tajiri halisi. Na unisikie vizuri: wakubwa wamesema mwaka wa fedha ukiisha, mamlaka yoyote ambayo haijatoza hata kodi moja itavunjwa. Juni hiyo. Ikivunjwa, mimi nina shughuli zangu nyingi. Wewe utarudi chooni."

Simu ilikatika. Bwana Abner aliudaka muhuri ukiwa tayari hewani, akaurudisha mahali pake. Akawaza kochi lenye vitambaa. Akawaza benchi la jikoni, lile lenye mguu mmoja mfupi, na baba mkwe akisema, "Huyo amekuja."

Linet, aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma kwenye dawati lake, alimgeukia.

"Bosi, na ile ya Mheshimiwa?"

"Ile ipi?"

"Chopa. Ile hutua nayo matangani na harambee. Kila siku husema ni yake. Nyinyi wawili mnatafuta ndege mpaka ndani ya kiatu, na moja iko hapo juu inatupiga upepo."

Bwana Abner alifungua kinywa ili amkemee, akakifunga. Kwa mara ya kwanza tangu Mamlaka ianzishwe aliuacha muhuri ukaanguka sakafuni. Alipoinuka nao, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Linet," alisema, "tumemkosea mtu mwema."

"Nani?"

"Mheshimiwa. Huoni? Alitunga kodi ya ndege akiwa na ndege. Mtu wa namna gani hutunga kodi ya kujitoza mwenyewe? Lakini hawezi kujiandikisha. Itaonekana anajipendelea, anataka kuwa wa kwanza. Amekuwa akisubiri sisi tuanze. Ndiyo maana ana hasira. Amesubiri mpaka amechoka."

Linet aliacha kutafuna. "Bosi, sidhani anasubiri."

"Unyenyekevu wake ndio unaokuzuia kuuona. Tutamshtukiza, mbele ya watu wake. Kutakuwa na utepe."

"Atatukaanga."

"Na mkasi," akasema Bwana Abner.

Nafasi ilipatikana Birongo. Palikuwa na harambee ya kujenga chumba cha kujifungulia katika zahanati, na mgeni wa heshima alikuwa Mheshimiwa Nyangate. Siku ilichaguliwa kwa hekima: Jumapili alasiri, baada ya Waadventista kumaliza Sabato yao jana yake na Wakatoliki misa yao asubuhi, hivyo hapakuwa na kisingizio cha kidini cha kutotoa. Uwanja wa shule ulijaa. Wanawake walipanga masufuria upande wa mashariki, kwa kuwa uzoefu ulikuwa umewafundisha ni upande gani helikopta hupulizia majani kwenye wali.

Hawakuwahi kukosea, ila rubani wa siku hiyo alikuwa mpya. Helikopta ilizunguka juu ya migomba mara kadhaa kuliko ilivyohitajika, ili hata waliokuwa wakichuma chai mbali wajue nani amefika, kisha ikatua mashariki. Leso na vitenge viliruka. Kuku walihama. Mong'ina Persis, bibi mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alilalia sufuria la nyama kwa mwili wake wote, akaliokoa.

Mheshimiwa aliteremka, akasimama kwenye ngazi muda wa kutosha kwa wenye simu, akapungia. Alipofika kwenye kipaza sauti alianza kama alivyoanza kila mara.

"Watu wa Birongo, hamjambo? Wengine huwaletea ahadi kwa magari ya kukopa. Mimi nimetoka Nairobi kuwaona kwa ndege yangu. Ndege yangu imetua wapi?"

"Birongo!" watu wakaitikia.

"Ndege ya nani?"

"Ya Mheshimiwa!"

Bwana Abner, aliyeketi safu ya nyuma amevaa suti yake ya harusi, alimgusa Linet kwa kiwiko. "Umesikia? Anatuita."

Akainuka. Linet akamfuata akiwa na mashine ya risiti kifuani kama mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa. Walipita katikati ya kwaya, wakafika jukwaani, na kabla msimamizi wa sherehe hajauliza walikuwa akina nani, Bwana Abner alikuwa ameshika kipaza sauti cha pili.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee, akina mama, vijana. Leo ni siku ya historia. Mbele yenu amesimama mwananchi wa kwanza katika milima hii kumiliki ndege kwa mujibu wa sheria, sheria ambayo aliitunga mwenyewe kwa mkono wake. Mamlaka imekuja kumpa heshima ya kuwa mlipa kodi nambari moja. Linet, utepe."

Makofi yalivuma uwanja mzima. Mheshimiwa alitabasamu kwa meno, huku macho yakibaki makavu kabisa. Alimsogelea Mkurugenzi, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Ratemo, una wazimu?"

"Ni furaha tu, Mheshimiwa."

"Kodi ya ndege unajua ni kiasi gani?"

"Nakijua, Mheshimiwa. Ulikipendekeza wewe. Ulisema kiwaume matajiri."

Mheshimiwa aliwatazama watu. Watu walimtazama. Mtu aliyezoea majukwaa hakosi mlango wa kutokea, na yeye aliuona wake mara moja. Akaondoa kiganja, akainua mikono yote miwili.

"Watu wangu!" alinguruma. "Mkurugenzi amekosea kidogo. Ananiuliza ndege ni ya nani. Mimi nina ndege gani? Mimi ni mtumishi tu. Ndege hii si yangu. Ndege hii ni yenu! Ni ya watu wa Birongo!"

Vigelegele vilipasuka. Mheshimiwa akafuta jasho, akamtupia Mkurugenzi jicho la ushindi, akageuka kuendelea na ajenda.

Bwana Abner, hata hivyo, alikuwa ameshatoa kalamu.

"Samahani, Mheshimiwa. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Umewapa lini?"

"Nini?"

"Ndege. Nataka nibadilishe jina la mmiliki."

"Leo! Sasa! Tangu zamani! Ratemo, kaa chini."

"Sasa," Bwana Abner akarudia, akiandika. Kisha akawageukia watu kwa uso wa mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. "Kwa hivyo, ndugu zangu, wamiliki ni ninyi. Hongereni. Kodi mtalipa kwa mkupuo au kwa awamu?"

Mong'ina Persis aliinuka pole pole, bado ana alama ya mchuzi mbele ya gauni.

"Mkurugenzi, mwanangu, sema tena. Tukilipa, tunapewa risiti?"

"Papo hapo."

"Risiti yenye jina letu?"

"Na muhuri."

Mama huyo aliwageukia wenzake. Kila mtu Birongo alijua nguvu ya risiti. Kulikuwa na watu waliopoteza hati ya shamba ndani ya moto wa nyumba na bado wakashinda kesi mbele ya wazee kwa sababu risiti za kodi zilikuwa zimefichwa ndani ya Biblia. Kinacholipiwa kodi ni chako. Asiyekubali alete risiti yake.

"Tulipe awamu ya kwanza," akasema Persis. "Leteni jogoo."

Jogoo aliletwa, mwekundu, mwenye hasira ya upepo wa helikopta, akaingizwa mnadani. Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Katika hesabu zake, jambo hili lilikuwa limeisha vizuri: wanakijiji walipe kitu kidogo, mwendawazimu huyu wa Kebirigo apate tarakimu yake ya Juni, yeye apande aende. Zaidi ya hayo, katika maisha yake yote ya siasa hakuwahi kumwachia mtu mwingine jogoo. Bei ilipanda. Mfanyabiashara mmoja wa Keumbu alijaribu kushindana, Mheshimiwa akamfunika. Fedha zilitoka mfukoni mwake zikiwa mpya, zikapita kwa Persis, zikafika kwa Linet, na mashine ikalia krii, krii, krii, ikatema karatasi.

Persis aliishika kwa ncha za vidole. Akaisoma kwa sauti, na kipaza sauti kikaisoma naye: mali, helikopta moja, mmiliki, wananchi wa Birongo, imelipiwa.

"Nyasae one!" mama mmoja akamwita Mungu wake. "Tuna ndege."

Yaliyofuata yalimjaza Bwana Abner fahari, kwa kuwa aliamini kwamba mlipa kodi aliyeelimishwa hujipanga mwenyewe. Kamati ya ndege iliundwa kabla mapanga ya helikopta hayajapoa. Mwenyekiti, Persis. Mweka hazina, Mwadventista. Naibu wake, Mkatoliki. Jumamosi ndege ipumzike. Hoja ya chumba cha kujifungulia ikaahirishwa, maana mwenye uchungu sasa angepelekwa hospitali kwa ndege kabla hata hajamaliza kuita mkunga. Mzee mmoja akauliza kama inabeba majani chai.

"Magunia inabeba," akasema Persis. "Lakini kwanza inanipeleka Kebirigo nikamwone dada yangu. Barabara ile imenivunja mgongo, na lami tuliahidiwa na huyu huyu. Rubani! We kijana!"

Rubani, mvulana wa Nairobi mwenye miwani myeusi, alikuwa ameegemea mlango akila ndizi.

"Mathe, pole. Mimi nimeambiwa nimrudishe Mheshimiwa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na Mheshimiwa."

"Na mwenye ndege ni nani?" Akamwonyesha risiti.

Rubani aliinua miwani, akasoma risiti, akaisoma tena. Akatoa simu. "Ngoja nimuulize bosi wangu."

"Bosi wako ndiye mimi," akasema Persis, akaweka mguu kwenye ngazi. Nyuma yake safu ya akina mama ilikuwa tayari imejipanga, wenye vikapu mbele. Bwana Abner alikwenda kunyoosha ile safu.

Hapo ndipo Mheshimiwa aliporuka kutoka jukwaani, kipaza sauti mkononi, waya ukimfuata nyasini.

"Jamani! Jamani, ngojeni! Ndege si yenu!"

Persis aligeuka, mguu bado uko kwenye ngazi. "Si yetu?"

"Ile ilikuwa... nilisema tu, kama tunavyosema."

"Uliposema lami ni yetu, ulikuwa unasema kama mnavyosema?"

"Hilo ni jambo tofauti."

"Basi kama si yetu, ni yako?"

Mheshimiwa alimwona Mkurugenzi akirudi mbio, kalamu juu, uso ukimeremeta.

"Hakuna tatizo kabisa, Mheshimiwa!" Bwana Abner alisema akihema. "Tukikurudishia umiliki, tunahesabu tangu siku ya kwanza ulipoitangaza kuwa yako. Nadhani ni matanga ya Nyamira. Linet ameyaandika yote. Alikuwepo."

"Na ile harambee ya Keroka," akasema Linet. "Na harusi."

Mheshimiwa alitazama kulia, kukawa na wananchi. Akatazama kushoto, kukawa na kodi. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti ndogo sana, lakini alisahau kwamba bado alikuwa ameshika kipaza sauti, na spika za Birongo siku hiyo zilikuwa zimekodiwa na mtu asiyependa kupunjwa. Sauti ilivuka uwanja, ikavuka migomba, ikashuka bondeni hadi mtoni.

"Si yangu," alisema. "Ni ya kukodi."

Hakuna aliyecheka mara moja. Watu wa Birongo wana adabu. Walisubiri Persis aulize.

"Omwana oito," aliuliza kwa upole wa mama anayemwita mwanawe, "kwa siku au kwa saa?"

"Kwa saa."

"Na saa yako imeisha lini?"

Rubani ndiye aliyejibu, akijifunga mkanda. "Iliisha wakati wa jogoo."

Ndipo walipocheka. Walicheka mpaka kwaya ikakosa pa kuanzia wimbo. Helikopta iliondoka katikati ya kicheko hicho, bila abiria, ikipuliza majani kwenye wali kwa mara ya pili, na Mheshimiwa Duke Nyangate akabaki uwanjani na jogoo wake. Jioni aliondoka Birongo ndani ya lori la majani chai, nyuma, juu ya magunia, kwa sababu mbele alikuwa ameketi Mong'ina Persis akienda kwa dada yake.

Bwana Abner hakulala vizuri. Ndege aliyoitoza ilikuwa imekwenda, na alihofu kwamba Mamlaka imekwenda nayo. Lakini kesho yake alipozisoma kanuni kwa makini, kwa mpangilio, aligundua hazikusema popote kwamba ndege ikishalipiwa kodi lazima iwepo. Kodi ilikuwa imetozwa. Risiti ilikuwa imetolewa. Juni ilifika ikapita, na Mamlaka haikuvunjwa. Ukweni, kochi liliongezwa mto.

Wiki moja baada ya Juni kuisha, ngazi za mbao zilisikika zikilia, na Mheshimiwa akatokea mlangoni, unga wa mahindi tayari mabegani.

"Ratemo, futa ile risiti."

"Karibu, Mheshimiwa. Kuna tatizo?"

"Kila ninapokwenda wanaipeperusha! Matangani, kanisani, wananiuliza ndege yao iko wapi. Wameitengenezea maegesho. Wameweka uzio! Futa leo."

Bwana Abner alimwonea huruma ya kweli. Akamwonyesha benchi la wanaosubiri, kisha akamweleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto hesabu ya kutoa kwa kukopa, kwamba mtu hawezi kutoa asichonacho. Kwa hivyo ili zawadi ya Birongo ibatilishwe, mlalamishi lazima kwanza athibitishe kwamba hakuwahi kumiliki ndege. Uthibitisho si mgumu. Wanahitajika mashahidi wawili tu, watu wazima, wakaazi wa Kisii au Nyamira, watakaoapa kwamba hawajawahi kumsikia akisema ndege ni yake.

Mheshimiwa alitafuta. Alitafuta Suneka, ambako Machogu alimjibu kwamba ndege pekee anayoijua ambayo Mheshimiwa hajasema ni yake ni ile ya jiwe, na bado anaiuza. Alitafuta Keumbu na Keroka. Alimfuata kiziwi mmoja mpaka Nyamira, naye akaeleza kwa vidole, vizuri sana, mapanga yanavyozunguka na mtu anavyojipiga kifua. Mwishowe, siku ya shauri, alipanda zile ngazi akiwa ameandamana na shahidi mmoja tu: mkewe, Maureen, aliyetoka nyumbani Nairobi amevaa kofia ya harusi.

Bwana Abner alimpa kiti chenye mto, akamwapisha.

"Mama Mheshimiwa, swali ni moja tu. Umewahi kumsikia mumeo akisema kwamba ile ndege ni yake?"

Maureen alimtazama Mkurugenzi. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akiyachunguza mahindi kupitia nyufa za sakafu.

"Duke," alisema, "si yetu?"

Mashine ya chini ilizimwa wakati huo huo, kwa bahati mbaya, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani.

"Duke. Na vile nimeshamwambia mama?"

Bwana Abner Ratemo aliandika kwamba shahidi hakukidhi vigezo, akagonga muhuri, akaahirisha shauri hadi robo ijayo ya mwaka wa fedha. Kisha akamwomba Linet amsogezee Mheshimiwa benchi, kwa kuwa Mama alikuwa bado hajamaliza kuuliza.